Baba ameacha kutembea baada ya mshtuko wa moyo: huzuni ndiyo imemkalisha, au kukaa ndiko kumemletea huzuni?

#1 Kifunguamimba
Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo nyumbani limeshageuka ugomvi.

Baba ana miaka 61. Miezi 5 iliyopita alipata mshtuko wa moyo, akawekewa stenti 2, vile vijibomba vya kuiacha wazi mishipa ya moyo. Alirudi na karatasi ya masharti: atembee kila siku, aache sigara, apunguze chumvi, alale vya kutosha, asiruke dawa. Mwezi wa kwanza aliyafuata yote, mpaka tukawa tunamsifia kwa wageni. Sasa hafuati hata moja. Anaamka saa nne, anakaa kiti kilekile mpaka giza linaingia, redio inaongea na yeye hayupo. Raba tulizomnunulia ziko mlangoni, ile karatasi ya kukunjakunja bado imo ndani ya kiatu. Kijisanduku cha dawa chenye vyumba saba, juzi nimekifungua nikakuta Jumatatu na Jumatano zimejaa. Na sigara amerudia kwa siri, anadhani harufu hatuisikii.

Msimamo wangu: mtu ambaye maisha yake yote hakuwa akitulia, ukimkalisha kutwa nzima lazima huzuni imwingie. Akiinuka akatembea, itaondoka yenyewe. Mdogo wangu anasema nimeshika mkia nikidhani ni kichwa, kwamba huzuni ndiyo iliyomkalisha. Nani yuko sahihi?

#2 Mama Wawili
Pole, mpendwa. Kabla hatujagawana pande: usiku analala? Chakula je?

#3 Kifunguamimba
Analala vipande vipande. Anakoroma sana, kisha kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyeitwa. Chakula anaonja tu, anasukuma sahani.

#4 Mkaa Kivulini
Mimi nasema ukweli japo utauma: wazee wengine wanadekezwa. Ondoeni kiti. Uvivu hauna dawa nyingine.

#5 Muuguzi wa Zamu
#4, hilo neno liweke pembeni tafadhali. Nipo wodi ya moyo mwaka wa 14 huu na nimeliona likifunga midomo ya wagonjwa. Mtu akishaitwa mvivu hakwambii tena kinachomsumbua.

Kati ya kila wagonjwa 5 waliopata mshtuko wa moyo, takriban 1 anakuwa na sonona kamili, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na wengine wengi wana dalili zake. Si jambo dogo: mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilipendekeza sonona ihesabiwe miongoni mwa vitu vinavyoharibu mwelekeo wa mgonjwa aliyepata shambulio la moyo.

Shida ni kwamba uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula vinaweza kutoka kwenye moyo wenyewe, au kwenye dawa. Kwa hiyo usiangalie hivyo peke yake. Tunaanza na maswali 2. Je, katika wiki 2 zilizopita umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Je, umejisikia mnyonge au kukata tamaa? Akijibu ndiyo mojawapo, anaulizwa lile dodoso la maswali 9, PHQ-9. Kifunguamimba, kabla ya raba na sigara, alikuwa anapenda nini? Bado anakipenda?

#6 Kifunguamimba
Alikuwa anatengeneza saa. Majirani wanamletea saa za mkononi, anakaa nazo na lenzi jichoni. Kuna moja iko wazi kwenye kitambaa mezani tangu kabla hajalazwa. Sijamwona akiigusa.

#7 Nahodha Mstaafu
Nimesoma hiyo ya saa nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, minne, miaka 3 iliyopita. Ngoja niwape upande wa aliyelala kitandani, maana hapa wote mnaongea mkiwa mmesimama. Kilichonikalisha mimi hakikuwa huzuni wala uvivu. Kilikuwa hofu. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto nayasikia mapigo kwenye mto, nayahesabu. Likiruka moja nakaa kitako. Mchana nikipanda ngazi moyo ukienda mbio nasema ndio huu sasa, nakaa. Wiki, mwezi, unakuwa mtu wa kukaa. Halafu huzuni inakuja kukukuta hapo hapo kitini, kwa sababu hakuna unachofanya, na kila mtu anakuongelesha kwa sauti ya chini kama uko kwenye msiba wako mwenyewe.

Kwa hiyo nyote wawili mmeruka hatua, wewe na mdogo wako. Muulizeni mzee anaogopa nini.

#8 Tarakimu
Mjadala huu una majibu ya kisayansi jamani. Mwaka 2008 ulitoka utafiti mkubwa wa San Francisco, wagonjwa zaidi ya 10,000 wa mishipa ya moyo. Waliokuwa na dalili za sonona walipata mashambulizi zaidi. Lakini watafiti walipoingiza hesabu ya mazoezi, sigara na kuruka dawa, tofauti ikayeyuka karibu yote. Imethibitishwa: kinachoua ni kukaa, si huzuni. Mleta uzi yuko sahihi.

#9 Kalamu Nyeusi
Tarakimu, jina lako linakudai. Walikuwa 1,017, si 10,000.

Mengine umeyasema vizuri isipokuwa hitimisho. Kwa mwaka, waliokuwa na dalili za sonona walipata matukio ya moyo kwa kiwango cha asilimia 10, wasiokuwa nazo asilimia 6.7. Na ni kweli, walipoweka tabia za maisha kwenye mizani, hasa kutofanya mazoezi, pengo likawa dogo mno. Lakini watu hawa walifuatiliwa tu, hawakugawanywa kwa kura kwenye makundi ya kulinganishwa, kwa hiyo huwezi kusema kwa hakika kipi kilisababisha kipi. Na soma upya maana yake: sonona inaweza kuwa ndiyo iliyowafanya wasitembee, na kutotembea ndiko kukawaumiza moyo. Hapo mdogo wake Kifunguamimba naye anapata haki yake. Ni mnyororo, wewe umeshika pete moja ukasema hakuna nyingine.

#10 Tarakimu
Sawa, sifuri moja imeniponyoka, nashukuru. Lakini bado nasema: pete ambayo familia inaweza kuishika kwa mkono ni ya kutembea. Huzuni utaishikaje?

#11 Sikio Pana
Nawashangaa hamjagusa dawa. Anatumia betabloka? Zile za kupunguza mapigo ndizo zinaleta huzuni, inajulikana miaka mingi. Mjomba alizisitisha mwenyewe, akachangamka wiki hiyohiyo. Aziache wiki moja muone.

#12 Muuguzi wa Zamu
HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Betabloka haziachwi ghafla kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo. Moyo uliozoea breki ukiiondoa kwa siku moja unaweza kurudisha maumivu ya kifua, hata mshtuko mwingine. Kama zinamsumbua, daktari wake ndiye atakayezipunguza pole pole au kubadilisha aina.

Na hilo la kuleta sonona ni imani ya zamani. Mwaka 2002 zilikusanywa tafiti 15 za kugawanywa kwa kura, watu zaidi ya 35,000. Hazikuonyesha ongezeko la maana la dalili za sonona. Zilionyesha uchovu kidogo zaidi, na matatizo ya tendo la ndoa kidogo zaidi. Uchovu huo mtu akiutazama kwa mbali anauita huzuni.

#13 Sikio Pana
Nimekuelewa, dada. Nafuta ushauri wa kuacha, watu wasije wakanisikiliza. Ila mjomba alichangamka kweli, hilo nililiona kwa macho yangu.

#14 Bi Subira
Niongeze kwenye dawa, maana kuna moja hamjaitaja. Mama mkwe mapigo yake yalikuwa yanakwenda ovyo, akapewa amiodaroni. Baada ya miezi kadhaa akawa mzito, baridi muda wote, anajifunika shali juani, nywele zinatoka, hasemi na mtu. Tukasema ni sonona ya ugonjwa wa moyo. Tulimpeleka kwa mshauri, tulimwombea, tulimgombeza pia, Mungu atusamehe. Daktari mmoja kijana akaagiza kipimo cha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Ilikuwa imelala. Dawa hiyo ina ayodini nyingi, inaweza kuivuruga tezi. Walimpa kidonge cha kurudisha homoni, na baada ya muda akaanza kutuuliza nani kahamisha sufuria zake.

Pimeni damu kwanza. Na upungufu wa damu vilevile.

#15 Mama Wawili
Narudi kwenye lile nililouliza. Kukoroma, kimya, kushtuka. Mume wangu alikuwa hivyohivyo, ni kukatika kwa pumzi usingizini. Ubongo unaamshwa mara nyingi sana kwa usiku mmoja na mwenyewe hajui. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, mkali, hataki kitu. Presha haishuki hata kwa dawa 3. Alipopewa mashine ya kupuliza hewa puani, mimi ndiye niliyelala kwanza. Yeye alichukua kama mwezi kurudi kuwa mtu wa kuongea naye.

Sisemi baba hana sonona. Nasema mtu asiyelala huwezi kujua ana nini.

#16 Kalamu Nyeusi
Hilo la usingizi nalipa uzito mkubwa. Kukatika kwa pumzi ni jambo la kawaida kwa wagonjwa wa moyo, na mara nyingi halitafutwi.

#17 Mkaa Kivulini
Nimesoma yote. Neno langu la #4 naliondoa. Lakini sigara je? Hapo nina swali la kweli. Kama mtu amekosa furaha zote na amebakiwa na hiyo moja, si tumwachie? Mimi naona kumnyang'anya ndiko kutammaliza.

#18 Nahodha Mstaafu
Nilivuta miaka 30, niache mimi nijibu. Ile raha unayoisikia asubuhi ukivuta ya kwanza ni deni la usiku kucha linalipwa. Mwili umedai nikotini, ukaipata, ukatulia. Unadhani sigara imekupa amani, kumbe imekurudishia ileile iliyokuwa imekuchukulia. Wiki za mwanzo za kuacha nilikuwa sitazamiki, mke wangu atatoa ushahidi. Baada ya hapo nikawa mtulivu kuliko nilivyokuwa nikivuta.

#19 Tarakimu
Na safari hii nimehakikisha namba. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha muhtasari wa tafiti 26: walioacha sigara kwa angalau wiki 6 walipungukiwa na sonona na wasiwasi wakilinganishwa na walioendelea kuvuta. Kalamu Nyeusi, kagua.

#20 Kalamu Nyeusi
Umepita. Ila na hao pia ni kulinganisha walioacha na wasioacha. Huenda aliyeanza kupata nafuu ya moyoni ndiye anayepata nguvu ya kuacha.

#21 Bi Subira
Kuna kitu kinanikera kwenye hizi karatasi za masharti, naomba nikitoe. Soma ile ya baba: acha hiki, punguza kile, usile, usinyanyue. Mtu ameingia hospitali ana sigara yake, chakula chake, kazi yake, marafiki wa jioni. Ametoka hana hata kimoja, na hakuna aliyemwandikia atapata nini badala yake. Kisha tunashangaa amenyamaza.

Kwetu mama mkwe tulikuwa tunampikia sufuria yake ndogo isiyo na chumvi, anakula saa moja kabla yetu. Tuliona tunamtunza. Siku moja mjukuu akauliza, "Bibi ana adhabu?" Tukaanza kupika sufuria moja, wote chumvi kidogo, anayetaka anajiongezea sahanini. Hajawahi kula vizuri kama mwezi ule.

#22 Kifunguamimba
Bi Subira, umenichoma. Baba naye anakula peke yake. Sisi ndio tuliopanga hivyo.

#23 Sikio Pana
Kwa kuwa muuguzi ametaja tendo la ndoa na kila mtu amepita kimya kimya, nauliza mimi. Mjomba (huyohuyo) alihamia chumba cha wageni mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia inaruhusiwa au hairuhusiwi. Je, hiyo si sababu ya kutosha ya mtu kuvunjika moyo?

#24 Nahodha Mstaafu
Sikio Pana leo umeuliza swali la kiume. Ni sababu, tena kubwa.

#25 Muuguzi wa Zamu
Nafurahi limeulizwa, maana wodini wanaliulizia mlangoni wakiondoka. Kwa kawaida mgonjwa aliyetulia, anayeweza kutembea kwa haraka au kupanda ngazi za ghorofa 2 bila maumivu ya kifua wala kukata pumzi, anaweza kurudi kwenye ndoa yake. Athibitishe na daktari wake. Onyo moja tu: mwenye kutumia dawa za naitreti, zile za maumivu ya kifua, hata kile kidonge cha chini ya ulimi, asichanganye na vidonge vya nguvu za kiume kama sildenafili. Presha inaweza kuanguka kiasi cha kuua. Mume na mke waelezwe wote wawili, hofu huwa ya wawili.

#26 Tarakimu
Turudi barabarani. Je, mazoezi yanaweza kutibu sonona yenyewe kwa mgonjwa wa moyo? Upo utafiti wa UPBEAT wa mwaka 2012, watu 101 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo na dalili za sonona. Hawa waligawanywa kwa kura, Kalamu Nyeusi: mazoezi ya kusimamiwa mara 3 kwa wiki, au sertralini (dawa ya sonona), au kidonge kisicho na dawa, kwa miezi 4. Mazoezi na sertralini vyote vilipunguza dalili kuliko kidonge kitupu.

#27 Kalamu Nyeusi
Ni utafiti mdogo lakini mzuri. Weka na mwingine pembeni yake: ENRICHD, mwaka 2003, wagonjwa 2,481 baada ya mshtuko wa moyo. Walitibiwa sonona na upweke kwa tiba ya mazungumzo, na walioelemewa zaidi wakaongezewa dawa. Huzuni ilipungua. Vifo na mishtuko mipya havikupungua. Kwa hiyo anayesema "tibu huzuni, moyo utapona" hana pa kusimamia.

#28 Mkaa Kivulini
Sasa kama haiongezi maisha, tunahangaikia nini?

#29 Nahodha Mstaafu
Ndugu yangu, niliishi miezi 8 nikiwa hai kwa vipimo vyote. Moyo unasukuma, presha nzuri, damu nzuri. Mjukuu alizaliwa katikati ya miezi hiyo na sina kumbukumbu ya siku ile. Picha ipo, nimembeba. Hiyo ndiyo tunahangaikia.

#30 Mama Wawili
Dawa za sonona ni salama kwa moyo? Nimesikia zinavuruga mapigo.

#31 Muuguzi wa Zamu
Inategemea ipi. Za kizazi cha zamani, kundi la amitriptilini, tunaziepuka kwa wagonjwa wa moyo kwa sababu zinaweza kuharibu mapigo. Sertralini ilipimwa kwa wagonjwa 369 waliotoka kwenye shambulio la moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia, majibu yakatoka mwaka 2002, haikuonyesha madhara kwa moyo. Sitalopramu ina kikomo cha dozi, ikizidi inaweza kuvuruga umeme wa moyo. Ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu, dawa hizi hazikumsaidia kuliko kidonge kitupu kwenye tafiti kubwa, huyo anahitaji njia nyingine pia. Na zile za mitishamba zinazouzwa kama za kuinua moyo, hasa mmea wa Mtakatifu Yohana (St John's wort), zinagombana na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na digoksini, dawa ya moyo. Chochote anachokunywa, daktari ajue.

Kifunguamimba, nimekaa na hivyo vyumba viwili vya dawa tangu #1. Anasahau, au anaacha? Muulize uso kwa uso kama anawaza kwamba ni bora asingekuwepo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, hiyo ni safari ya leoleo hospitali, usimwache peke yake.

#32 Kifunguamimba
Nimechelewa kurudi, samahanini.

Nilimuuliza jana jioni. Nilikaa chini kwenye mkeka ili nisimtazame kwa juu. Maswali yale mawili, yote alijibu ndiyo, haraka, kama alikuwa anayasubiri. La dawa alikaa kimya muda mrefu. Akasema hawazi kujidhuru, ila siku nyingine anakitazama kidonge na haoni kinamlinda kwa ajili ya nini. Nilimwambia asante kwa kuniambia, sikujua la kusema zaidi. Leo asubuhi tumempigia daktari, tumepewa keshokutwa, na tumeambiwa mawazo yakigeuka tumpeleke saa hiyohiyo. Dawa sasa tunanywa naye pamoja mezani, mimi na vitamini zangu. Nimeandika kwenye karatasi: tezi, wingi wa damu, kukoroma, dodoso.

Halafu nikamuuliza la Nahodha: unaogopa nini? Akaniambia kutoka mlangoni mpaka kona ni hatua 212. Amezihesabu mwishoni mwa ule mwezi wa kwanza. Pale kwenye kona kifua kilibana kidogo, akasimama ameshika ukuta, na hakukuwa na mtu. Hajarudi tena. Sisi tulikuwa tunamwambia kila siku "tembea", na yeye kila siku anaiona ile kona.

#33 Mama Wawili
Hatua 212. Jamani.

#34 Muuguzi wa Zamu
Hilo la kifua kubana mwambieni daktari LA KWANZA, kabla ya yote. Hakuna kuongeza matembezi mpaka amelisikia na kumpima. Na ulizeni kama kuna mazoezi ya kundi kwa waliotoka kwenye mshtuko wa moyo. Wengi wanapoteza hofu pale kwa kuona wenzao.

#35 Tarakimu
Basi ni hofu. Hofu ikaleta kukaa, kukaa kukaleta huzuni.

#36 Kalamu Nyeusi
Au sonona ilikuwepo kabla ya mshtuko wenyewe. Wapo wengi hivyo. Kifunguamimba, miaka 2 kabla hajaugua alikuwaje?

#37 Kifunguamimba
Hilo sijui nikujibuje. Mama alifariki miaka 2 kabla. Sigara ilizidi pale.

#38 Bi Subira
Lo. Pole mwanangu.

#39 Sikio Pana
Na mimi bado naomba zile dawa za mapigo ziulizwe keshokutwa. Kuulizwa tu, dada muuguzi, siyo kuachwa.

#40 Muuguzi wa Zamu
Ziulizwe. Hapo tuko pamoja.

#41 Kifunguamimba
Nimeziandika. Nahodha, swali moja: siku ya kwanza ulipotoka tena nje ulitembea muda gani?

#42 Nahodha Mstaafu
Dakika 5, kwenda na kurudi. Daktari ndiye aliyezitaja. Mke wangu alishika saa, mimi nilishika kidonge cha chini ya ulimi ndani ya mfuko, mkono umelowa jasho. Hatukuongea njia nzima. Kesho yake tukatoka tena.